Uhuru katika Ghuba ya Ungwana

Mto Tana, ukiisha kupita Garsen, hushuka polepole kati ya mashamba ya mpunga na malisho ya ng'ombe, ukamwaga maji yake Kipini, katika Ghuba ya Ungwana. Kusini mwa ghuba hiyo hiyo, karibu na Ngomeni, Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960. Hapo ndipo tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilipopaa na setilaiti ya Wamarekani, uzito wake yapata kilo 140. Kila niwaulizapo wanafunzi tarehe hiyo ina nini, hujibu: Jamhuri. Hapana aliyepata kuitaja roketi.

Kwa nini chombo cha Marekani kiletwe kwetu? Haikuwa hisani. Penye ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na mwendo huo huisaidia roketi bure. Tena njia ya juu ya ikweta hukwepa sehemu ya anga iliyojaa chembe za umeme, ambazo zingalikitia kiwi chombo kile. Maana kilitumwa kutazama kisichoonekana kwa macho, yaani miale ya eksirei itokayo katika nyota na galaksi za mbali, ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Mwaka wa 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wameigundua miale hiyo nje ya jamii ya jua kwa roketi. Lakini roketi ya namna ile haikai juu ila dakika chache.

Chombo hiki kilifanya kazi zaidi ya miaka miwili. Kikijizungusha mara moja kila dakika 12, kiliipekua mbingu yote, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kilionyesha kuwa kati ya galaksi zilizokusanyika pamoja mna gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2002.

Marjorie Townsend, bibi aliyesimamia kazi hiyo, alikiita chombo Uhuru, ili kuwashukuru wenyeji katika sikukuu yao. Wako wasemao kwamba sisi tuliachiwa jina, wageni wakachukua elimu. Nakubali nusu ya neno hilo. Vyombo na mabingwa vilikuwa vyao. Walakini orodha ile ilichapishwa wazi, nasi walimu hatukuisomesha.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Aprili 1979 ilirudi hewani ikateketea.