Bunduki za majambazi wa Marekani: nani anazinunua, na kwa nini?

Leo tunajibu swali lililoletwa na vijana: je, bunduki iliyoua watu inaweza kuwa pambo la nyumba? Kwetu sisi, ambao bunduki bado ni kitu kinachogonga mlango usiku, swali hilo linaonekana kama mzaha. Lakini huko Marekani wako watu wenye heshima zao, waganga, wafanyabiashara, hata polisi wastaafu, wanaotoa pesa nyingi ili wapate bastola ya jambazi aliyekufa zamani. Si wezi, na wengi wao hawajapiga mtu risasi maishani mwao. Basi tuitazame historia yao polepole.

Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, na benki zipatazo 9,000 zilikuwa zimefungwa tangu 1930. Mkulima aliyeshindwa kulipa deni alinyang'anywa shamba. Fikiri mwenyewe: mtu ambaye akiba yake imepotelea benki, akisikia kwamba John Dillinger ameingia benki nyingine na kuizoa pesa yote, je, atalia? Ndivyo majambazi walivyogeuka mashujaa midomoni mwa watu, na magazeti yakaongeza chumvi. Ukweli ulikuwa mwingine. Clyde Barrow na mchumba wake Bonnie Parker, ambao sinema zimewafanya wachukiaji wa benki, mara nyingi waliibia maduka madogo na vituo vya petroli. Yaani waliwaibia maskini wenzao.

Na silaha walizipata wapi? Hapa ninakuomba utulie kidogo, maana jambo hili linatuhusu. Mwezi wa Oktoba 1933, watu wa Dillinger waliingia katika vituo viwili vya polisi katika jimbo la Indiana, kimoja Auburn, kingine Peru, wakabeba bunduki na fulana za kuzuia risasi. Barrow naye alikuwa akivunja ghala za jeshi la akiba na kuchukua bunduki nzito za vita, ambazo polisi wa kijijini hakuwa na kitu cha kuzijibu. Msomaji wa Kivu hahitaji kufafanuliwa zaidi: ghala ya serikali isiyolindwa ndiyo duka la jambazi.

Iko pia rashasha ile maarufu ya Thompson, ambayo wakusanyaji wanaipenda kuliko zote. Jenerali John T. Thompson aliitaka kwa ajili ya mahandaki ya Vita Kuu ya kwanza, lakini vita vikaisha kabla haijawa tayari. Kiwanda cha Colt kilitengeneza 15,000 kuanzia 1921. Jeshi halikuwa na haraka ya kununua. Bei yake ilikuwa kama dola 200, na sheria ya nchi nzima ya kumkataza raia kuinunua haikuwapo. Silaha ya vita ikakosa vita, ikatafuta wateja mjini.

Tarehe 23 Mei 1934, askari sita wakiongozwa na Frank Hamer waliwavizia Bonnie na Clyde kando ya barabara karibu na Gibsland, jimbo la Louisiana, wakawaua ndani ya gari. Bonnie alikuwa na miaka 23, Clyde 25. Baada ya muda mfupi watu wakajaa. Walikata nywele za Bonnie, walichana nguo zake, na mtu mmoja alizuiwa akiwa anataka kukata sikio la Clyde. Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Julai, Dillinger aliuawa Chicago alipokuwa akitoka sinema, na watu wakachovya leso katika damu yake. Baba yake aliona hatari iliyopo, akaagiza kaburi la mwanawe limwagiwe saruji. Hata hivyo jiwe la kaburi limebadilishwa mara kadhaa, kwa sababu wageni walikuwa wakilimegua vipande wapeleke nyumbani. Kwa hiyo usidhani kazi hii ya kukusanya ilianza na matajiri. Ilianza barabarani, damu haijakauka bado.

Mimi nimesoma sheria, kwa hiyo kuna jambo linalonisumbua hapa. Hamer alikuwa amekubaliwa na wakubwa wake kwamba yeye na wenzake watachukua vitu watakavyotaka katika gari la Clyde. Mshahara ulikuwa mdogo, basi bunduki zikawa nyongeza. Mama yake Clyde aliandika akidai arudishiwe bunduki za mwanawe, hakupewa. Ninaelewa uchungu wa mama. Lakini nyingi kati ya bunduki zile hazikuwa za Clyde wala za Hamer: zilikuwa zimeibwa, na za vita zilitoka katika ghala za umma. Katika kanuni yetu ya makosa ya jinai, kifaa cha mhalifu kilichotumika kutenda kosa kinanyang'anywa na mahakama kwa faida ya serikali. Askari akiruhusiwa kujilipa kwa silaha alizozikamata, kesho atatafuta kukamata silaha kuliko kulinda watu. Na hilo tumeliona kwa macho.

Basi zile za Hamer na wenzake zikapita mikono mingi, na bei ikapanda kila mara. Mwezi wa Septemba 2012, katika mnada uliofanyika New Hampshire, bastola ya Clyde iliuzwa dola 240,000, na ile ya Bonnie dola 264,000. Mwaka 2021 huko California, wajukuu wa Al Capone waliuza mali zake, na bastola yake aliyoipenda ikachukuliwa kwa zaidi ya dola 800,000. Chuma chenyewe hakina thamani hiyo. Anayenunua ananunua karatasi: namba iliyopigwa katika chuma, barua ya familia, hati ya kiapo inayosema kwamba bunduki hii ndiyo ile. Bila karatasi hizo, bastola ya Capone ni bastola kuukuu tu, na walaghai wanalijua jambo hilo vizuri.

Sheria yao nayo ina ajabu zake. Mwezi wa Juni 1934 waliweka sheria ya silaha iliyolenga rashasha na bunduki za mtutu uliokatwa. Hawakuzikataza kabisa, waliweka kodi ya dola 200 na uandikishaji. Wakati ule kodi hiyo ilikuwa sawa na bei ya Thompson yenyewe. Mwaka 1939 mahakama kuu ilikubali sheria hiyo katika kesi ya Jack Miller, mwizi wa benki, ambaye alikutwa ameuawa kabla hukumu haijasomwa. Mwaka 1968 sheria nyingine ilisema kwamba silaha ya kale ni ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, kwa hiyo bunduki za Dillinger mbele ya sheria si za kale hata kidogo, na anayezikusanya hufuata taratibu za silaha. Tangu 1986 rashasha mpya haziuzwi tena kwa raia. Za zamani zilizoandikishwa zimekuwa chache, na bei imepaa hadi mtu wa kawaida hawezi kuzisogelea.

Sisemi mkusanyaji ni mtu mbaya. Bila yeye ushahidi mwingi ungekuwa umepotea. Lakini soma orodha za minada hiyo, utaona jina la aliyeua limeandikwa kwa herufi kubwa, na aliyeuawa hana jina. Tarehe 1 Aprili 1934, siku ya Pasaka, karibu na Grapevine, Texas, polisi wawili wa pikipiki, Edward Wheeler na H. D. Murphy, walisimama kuangalia gari la Barrow kwa kuwa walidhani limeharibika. Wote wawili waliuawa. Murphy alikuwa na miaka 22, ilikuwa siku yake ya kwanza katika doria ya pikipiki, na zilibaki siku chache afunge ndoa. Mchumba wake alikwenda kwenye mazishi akiwa amevaa gauni la harusi. Gauni hilo silijui katika mnada wowote.

Ziko pia bunduki ambazo hazikuuzwa. Tarehe 14 Februari 1929, watu saba waliuawa wakiwa wamesimama ukutani katika gereji moja ya Chicago. Gereji ilibomolewa mwaka 1967, na mfanyabiashara mmoja wa Kanada akanunua matofali ya ukuta ule, akayajenga upya katika chumba cha haja cha kilabu chake cha usiku. Leo yako katika makumbusho huko Las Vegas. Rashasha mbili za mauaji hayo zilipatikana mwezi wa Desemba 1929 huko Michigan, katika nyumba ya mtu aliyekuwa amemuua polisi kijana, Charles Skelly. Mtaalamu Calvin Goddard alipiga risasi za majaribio na kuthibitisha kwamba ndizo. Rashasha hizo bado zimo mikononi mwa ofisi ya sherifu wa Berrien, ambayo huzionyesha kwa wageni mara chache, na kuzirudisha ndani.