Kukata si kukadiria: Funzo la Vancouver
Ninapofunza istilahi za hisabati husisitiza kwamba kukata nambari si sawa na kuikadiria. Chukua 540.3267. Ukiikata kwenye desimali ya tatu, unapata 540.326, ukiikadiria, unapata 540.327. Wanafunzi huguna: eti tofauti hiyo ina uzito gani?

Huwajibu kwa kisa cha Soko la Hisa la Vancouver, Kanada. Mnamo Januari 1982 soko hilo lilianzisha kipimo cha bei za hisa kikiwa 1,000. Kompyuta ilikipigia hesabu upya karibu mara 3,000 kwa siku, na kila mara ikatupa tarakimu zilizozidi desimali tatu. Kosa lilielekea upande mmoja tu, chini, na kila hesabu ilijengwa juu ya iliyotangulia. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa takriban 524. Kiliporekebishwa, kilipita 1,000. Kumbe kwa miezi 22 wawekezaji walikuwa wakitazama hasara isiyokuwapo!

Kukadiria kungetosha, maana makosa ya juu na ya chini aghalabu hufutana. Isitoshe, mwaka wa 1965 Mkanada William Kahan alikuwa ameshachapisha mbinu ya kutunza kinachopotea na kukirudisha katika jumla inayofuata.

Twasema haba na haba hujaza kibaba. Basi tukumbuke kwamba haba na haba hukimaliza pia. Ndiyo maana nashikilia kuwa mtunzi wa istilahi asiyachukulie maneno haya mawili kuwa visawe.