Madini Yaliyogeuka Dawa

Watu wa Nyamongo, wilayani Tarime, hawahitaji kufundishwa thamani ya madini. Dhahabu ilichimbwa kwao kwa mikono kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza kazi mwaka 2002. Imelisha watoto wengi na kuzusha magomvi mengi. Lakini platini, jirani ya dhahabu katika jedwali la elementi, ya 78 kwa ya 79, ina historia ipasayo kusimuliwa kwao pia.

Mchanganyiko wa platini uitwao leo sisplatini ulitengenezwa na Michele Peyrone, mkemia wa Italia, katika miaka ya 1840. Kwa zaidi ya karne moja haukumponya mtu. Mwaka 1965, huko Michigan, Marekani, Barnett Rosenberg alitangaza jambo la ajabu: alipopitisha umeme kwa vipande vya platini ndani ya chombo chenye bakteria, bakteria walirefuka kama nyuzi wasigawanyike. Si umeme uliofanya hivyo, bali platini iliyotoka katika vipande vile ikaungana na amonia na kloridi. Je, kizuiacho bakteria kugawanyika kisizuie saratani, ambayo ni seli kugawanyika bila kiasi? Jaribio likafuata jaribio, na mwaka 1978 dawa ikakubaliwa Marekani.

Kazi yake yaelezeka. Sisplatini hubeba kloridi mbili. Iingiapo ndani ya seli, ambamo kloridi ni haba, hizo hubanduka na maji hushika nafasi zao. Kisha platini hushikamana na DNA, aghalabu katika guanini mbili zilizo jirani. Huwa nazo kama pete na chanda, na uzi wa DNA hupindika. Seli ishindwapo kuunakili uzi huo, hufa. Walakini dawa hii haitengi vema adui na rafiki: hudhuru figo na masikio, ndiyo maana mgonjwa hutiwa maji mengi mishipani.

Leo hutumika pamoja na mionzi kutibu saratani ya shingo ya kizazi, iliyo mbele ya saratani zote za wanawake wa Tanzania. Mwanamke wa Nyamongo huifuata Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Dhahabu ya kwao hupata njia ya kutoka upesi. Yeye husafiri kwa taabu, na mara nyingi amechelewa. Dawa ilingoja miaka mia na zaidi kutambuliwa, lakini maradhi hayangoji. Thamani ya madini haya, basi, hupimwa kwa siku yanapomfikia mgonjwa.