Kupanda milima ya Bukavu kwa mguu: mwili unapata nini, na mawazo je?

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na njia zake ni kupanda na kushuka tu. Mama anayetoka kando ya ziwa mpaka soko la Kadutu, beseni kichwani, amekwisha kufanya mazoezi ambayo wengine wanayalipia pesa. Hiyo inahesabika? Ndiyo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba mtu mzima atembee kwa mwendo wa wastani dakika 150 mpaka 300 kwa juma, na tangu 2020 halidai tena kwamba ziwe dakika kumi mfululizo.

Kupanda kunaupa moyo na mapafu kazi. Ukizoea, tansio inashuka na sukari ya damu inatulia. Kushuka ndiko kunaumiza: mapaja yanafanya kazi ya breki, magoti yanalia kesho yake. Chukua fimbo, piga hatua fupi.

Lakini kupanda kati ya honi na vumbi, na mzigo juu, hakupumzishi kichwa. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatembeza watu 38 kwa dakika 90, wengine kati ya nyasi na miti, wengine kando ya barabara ya magari mingi. Wale wa kwenye miti ndio waliopunguza kuzungusha wazo moja baya kichwani. Sisi tunaita hiyo "mawazo mingi", na tangu vita vifike mjini Februari 2025, nani asiyeijua? Kutembea hakumtoshi mtu aliyeona mauaji; huyo aende kituo cha afya, ao SOSAME.

Fasi nzuri kuliko zote ingekuwa Kahuzi-Biega. Tshivanga iko kilometa 30 hivi kutoka mjini, na mlima Kahuzi, wenye mianzi mingi, unafika mita 3,308. Lakini hifadhi hiyo ya 1970 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Na Batwa, waliojua kila njia ya pori lile, walifukuzwa humo. Usiende bila kuwauliza wakaaji habari ya usalama.

Ukibaki mjini, tafuta njia yenye miti kando ya ziwa, asubuhi, mukiwa wawili ao watatu. Mvua ikinyesha, acha miteremko ya udongo mwekundu ikauke kwanza.