Mkrismasi ulioivuka bahari, na miti ya Pugu inayosubiri

Ikifika Novemba, mikrismasi ya Kibaha huwaka. Pita Maili Moja au viunga vya Tumbi, utakuta chini ya kila mti zulia jekundu. Likifagiliwa asubuhi, jioni limetandikwa tena. Okota ua moja ulitazame vizuri. Petali nne ni nyekundu tupu, lakini ya tano imesimama peke yake, nyeupe yenye michirizi ya njano na nyekundu. Msimu ukipita hubaki maganda magumu marefu kama mkono, ambayo watoto huyatikisa wakipiga ngoma zao.

Mti huu tumeuzoea kiasi cha kuudhani wa hapa, lakini asili yake ni Madagaska. Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Bohemia aliyeishi Mauritius, aliukuta Foulpointe, pwani ya mashariki ya kisiwa hicho, miaka ya 1820. Bojer hakuwa mgeni wa upande wetu pia: mwaka 1824 alifika Zanzibar na Mombasa akikusanya mimea. Mwaka 1829 maelezo ya mti wake yalichapishwa Uingereza, na kutoka Mauritius mbegu zikasambaa bandari kwa bandari hadi karibu kila mji wa nchi za joto ukawa nao.

Linalonishangaza zaidi ni hili: huko Foulpointe mti ulikuwa umepandwa na watu. Hakuna mtaalamu aliyejua unaota wapi porini. Kwa takriban miaka 100 dunia iliupanda barabarani, shuleni na kanisani bila kulijua pori lake, hadi miaka ya 1930 ulipopatikana katika misitu mikavu ya mawe ya chokaa, magharibi mwa Madagaska. Misitu hiyo imekatwa sana kwa mkaa na mashamba, ilhali mti wenyewe umetapakaa duniani kwa sababu kuna watu waliupenda wakaupanda majumbani.

Wajapani nao wana mti wao wa kupamba, momiji, wenye majani kama kiganja kilichokunjuliwa, yanayogeuka mekundu kabla ya kupukutika. Ni mti wa milima yao wenyewe. Kwa karne nyingi watunza bustani waliteua miche yenye majani ya kipekee, wakaibebesha kwa kupandikiza vikonyo, na wengine wakaikuza katika vyungu vifupi kwa mtindo wa bonsai, ambapo mizizi na matawi hupunguzwa kila baada ya muda ili mti wa umri mkubwa usizidi kimo cha goti. Mswidi Carl Peter Thunberg alipofika huko mwaka 1775, alikuta kazi hiyo imeshamiri.

Sisi tumeanzia mbali. Vitalu vingi vya kandokando ya Barabara ya Morogoro huuza miche ya kigeni: miashoki ya India, mikungu ya Madagaska yenye matawi ya ngazi, mikrismasi. Hata waridi la jangwani, ambalo huota lenyewe katika nyika za Afrika Mashariki na shina lake nene linafaa sana bonsai, liliendelezwa zaidi Thailand na Taiwan.

Na Kisarawe kuna hazina. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ulio jirani kabisa na mji, ni miongoni mwa mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Una mimea iliyopewa jina lake katika vitabu vya sayansi: Baphia puguensis na Millettia puguensis, yote ya jamii ya kunde kama mkrismasi. Wachoma mkaa wa soko la Dar es Salaam waliuumiza msitu huu kwa miaka mingi. Naamini mti uliopandwa kwenye nyua za Kisarawe na Kibaha ungekuwa na watetezi wengi kuliko ule unaojulikana na wataalamu peke yao.

Mwenye kitalu anayetaka kujaribu kuotesha miti hiyo ya Pugu aanze kwa kuomba kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa kuwa msitu huo ni hifadhi. Kisha awahi mbegu. Maganda ya jamii ya Millettia yakikauka sana hupasuka na kuzirusha mbali, hivyo huchumwa yanapoanza kugeuka rangi, yakaanikwa ndani ya gunia lililofungwa mdomo. Miche ya msituni huzoea kivuli. Viriba vikae chini ya makuti, jua liongezwe kidogo kidogo.