Programu isigande ikingoja data za mtandao

Programu ya tarakilishi yenye madirisha na vitufe huendeshwa na mzunguko mmoja: hungoja tukio, hulishughulikia, kisha hungoja jingine. Tukio laweza kuwa kubofya kitufe, kupiga herufi au dirisha kuhitaji kuchorwa upya.

Taabu huanza mzunguko huo unapopewa kazi ya kusoma data za mtandao. Kwa kawaida, amri ya kusoma haimaliziki hadi data zifike. Muda huo wote dirisha huganda. Mtumiaji hudhani programu imekufa, huifunga kwa nguvu, na maandishi ambayo hayajahifadhiwa hupotea.

Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kutumika Mombasa mwaka wa 2009, Kenya iliwasiliana na ng'ambo kwa setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi angani. Swali na jibu vilichukua takriban nusu sekunde. Nyaya zimepunguza muda huo, lakini mawimbi ya simu yangali yakikatika.

Chukulia ofisi inayopokea uzito wa samaki kutoka ufuo wa Munje, Msambweni, katika Kaunti ya Kwale. Programu yake yafaa kuiga mvuvi wa malema, ambaye hakai akiulinda mtego. Huutega, hushika shughuli nyingine, kisha huuendea.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutumia soketi isiyozuia na kuisajili katika mzunguko, ili mfumo endeshi uarifu data zinapofika. Unix ya BSD, toleo la 4.2, ilileta uwezo huo mwaka wa 1983 kwa amri ya select. Ya pili ni kuanzisha uzi wa pembeni unaongoja na kuweka ujumbe kwenye foleni. Hata hivyo, uzi mkuu pekee ndio uguse dirisha.

Tahadhari moja husahaulika. Itifaki ya TCP huleta mfululizo wa baiti, si ujumbe kamili. Kilo 12 zaweza kufika kama 1, kisha 2. Programu yenye pupa itaandika kilo 1, na mvuvi atapunjwa kilo 11. Data zihifadhiwe kando hadi alama ya mwisho wa mstari ifike.

Jaribio ni rahisi: mtandao ukatwe katikati ya kupokea. Kitufe cha kughairi kikiitika papo hapo, mzunguko uko hai.