Saa Moja Gizani

Saa ya Kiswahili ilitengenezwa na watu wanaoishi karibu na Ikweta. Kwao jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza kuhesabu siku katikati ya usiku wa manane, watu wamelala. Kukicha ni saa kumi na mbili. Chai ikishateremshwa jikoni ni saa moja. Jua likizama, kumi na mbili tena, na kwa hesabu ya wazee wa pwani siku mpya imeshaanza, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoitangulia Ijumaa, si ule unaoifuata.

Ihamishie hesabu hiyo Berlin mwezi wa Desemba uone. Siku fupi kuliko zote jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Saa moja, ambayo kwetu ni mwanga mtupu na watoto wa shule barabarani, hapa ni giza la kuwashia taa. Na Wajerumani nao wana vituko vyao. Halb acht, yaani “nusu nane”, si saa nane na nusu bali ni nusu ya njia kuelekea nane: saa moja na nusu yetu. Wenyeji wa Berlin huongeza lao: viertel acht, “robo nane”, ni saa moja na robo. Kwa hiyo mimi niliyelelewa kwa saa inayofuata jua natoka nyumbani “nusu nane”, saa moja na nusu, na jua halipo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili.

Niko hapa kujifunza Kijerumani. Shahada yangu ya uzamili ni ya historia, na ninaandika kuhusu kodi ya vibanda ambayo utawala wa Kijerumani ulianza kuitoza Afrika Mashariki mwaka 1898. Nyaraka zake nyingine zimo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nyingine zipo Lichterfelde, kusini mwa Berlin. Zote ni za Kijerumani. Mtanzania anayetaka kujua babu wa babu yake alidaiwa rupia ngapi, na nani alimkamata aliposhindwa kulipa, lazima kwanza ajifunze lugha ya aliyemdai. Jambo hili huwa linanikera zaidi asubuhi, kabla ya chai.

Maisha yenyewe ni madogo. Nina chumba katika nyumba ya kupanga tunayoishi watu wanne, jiko moja. Kuvaa kunachukua robo saa: fulana, sweta, soksi mbili, koti, kofia ya sufi, glavu. Kufika darasani unaanza kuvua. Darasani tuko kumi na watatu, kutoka Syria, Vietnam, Brazili, Ukraine na kwingineko, na lugha pekee tunayoweza kusemezana sote ni hiyo tusiyoijua. Ngozi inakauka mpaka inapasuka. Mafuta ya kujipaka yamekuwa bajeti kamili. Unga wa mahindi naupata kwenye duka la Waghana, ni mweupe na laini kupita kiasi, lakini unasongeka.

Mama nampigia simu nikitoka darasani. Tanga iko mbele yetu kwa saa mbili wakati huu wa mwaka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

“Nimekula. Huko kumeshaingia giza?”

“Giza la nini saa hizi? Jua hilo hapo, liko juu ya minazi.”

Kwake ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, kwangu saa kumi na dakika kumi, na taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka. Saa yangu iko nyuma ya yake, lakini usiku wangu umemtangulia.

Mzungumzaji wa Kiswahili ninayemfikiria zaidi katika baridi hii si mwanafunzi wa siku hizi. Ni Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani. Aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa mjamzito wa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Wakafunga ndoa Aden tarehe 30 Mei 1867, naye akabatizwa kwa jina la Emily. Kiangazi hicho wakaingia Hamburg. Miezi michache baadaye majira ya baridi yakamkuta pale, hajui Kijerumani. Na mumewe aliongea Kiswahili. Mume alipokwenda kazini, lugha yote ya nyumbani ilikwenda naye.

Wengi wanamjua Salme kwa kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, kitabu cha majumba ya Mtoni na Beit il Sahel, kitabu cha utoto. Mimi napenda zaidi barua zake kuhusu maisha ya Ujerumani, zilizotolewa kitabu miaka mingi baada ya kifo chake. Humo binti wa mfalme ni mwanafunzi wa lugha. Baridi, upweke, milango inayofungwa, vyumba vilivyojaa samani, wageni wanaomkodolea macho. Vitabu vya historia vya shule vikimtaja, humtaja kama binti aliyetoroka au kama karata ya Bismarck katika siasa za Zanzibar, na mara chache sana kama mtu aliyeketi na kujifunza. Lakini kujifunza ndiko kulikomwokoa. Mwaka 1870 Heinrich aligongwa na tramu ya farasi akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Mjane huyo, ambaye alipokuwa mtoto Unguja alijifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, sasa ilibidi aishi kwa Kijerumani, akapata riziki pia kwa kufundisha lugha. Alifariki Jena mwaka 1924.

Huo mfupa wa ngamia naukumbuka usiku, jikoni, ninapofanya zoezi ambalo halimo kwenye kozi. Kijerumani cha majalada ya karne ya 19 kiliandikwa kwa mwandiko uitwao Kurrent. Herufi zake zimelala upande kama nyasi zilizopigwa na kusi. “E” inafanana na “n”. “U” inatofautishwa na “n” kwa kijikia kilichowekwa juu. “S” ndefu unaweza kuapa ni “f”. Wajerumani wa rika langu wenyewe hawaisomi. Mwenzangu mmoja wa nyumbani, mzaliwa wa hapahapa, alitazama ukurasa wangu akauliza ni lugha gani. Neno la kwanza nililolisoma bila msaada lilikuwa Hüttensteuer, kodi ya vibanda. Nilikunywa chai ya pili kwa heshima yake.

Na hapa ndipo historia inapokuwa na kichekesho. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, katika mji huuhuu na katika baridi hiihii, Wajerumani walikuwa wanaumiza vichwa kwa Kiswahili. Mwaka 1887 ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki katika chuo kikuu cha Berlin, ili kuwatayarisha watafsiri, maofisa, wamisionari na wafanyabiashara. Kiswahili alikisimamia mmisionari Carl Büttner, na baadaye Carl Velten. Lakini kusikia lugha inavyotamkwa kulihitaji mtu wa pwani, kwa hiyo pwani ikaletwa Berlin: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha kuanzia 1891 hadi 1895 na kuacha habari za maisha na safari yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Wanafunzi walitakiwa kusoma pia barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Büttner alitoa mkusanyiko wake mwaka 1892. Kwa hiyo kulikuwa na luteni fulani amekaa karibu na jiko la makaa, nje theluji, anakodolea macho waraka wa mfanyabiashara wa pwani kama mimi ninavyoukodolea Kurrent. Na huyo luteni ilibidi akariri kwamba saa moja ni saa saba. Nakiri napata raha kumfikiria.

Raha hiyo haidumu. Mimi najifunza ili nisome; yeye alijifunza ili aende akaamuru. Maneno yalivuka pande zote mbili, “shule” tuliichukua kwao, na “hela” ni Heller, sarafu yao, lakini hayakuvuka kwa usawa. Kila ninapoandika Schule kwenye daftari nakumbuka kwamba neno hili limenitangulia nyumbani, na lilikuja na bakora.

Mwaka 1900 kiti cha mwalimu wa pwani kilichukuliwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, karibu na Bagamoyo, mtu mwenye elimu ya dini. Ukihesabu kalenda, Ramadhani ya mwaka 1318 wa Hijria ilianza mnamo tarehe 23 Desemba 1900, siku moja tu baada ya siku fupi kuliko zote. Mfungaji wa Berlin mwaka ule alifunga kwa muda usiofika saa kumi, akafuturu wakati ambao Bagamoyo watu ndio kwanza wametoka kuswali alasiri. Mfungo mfupi, ndiyo, lakini bila adhana, bila harufu ya maandazi ya jirani, bila watoto wanaokusubiri ukunjue mkeka. Mimi ningeuchukua wa Bagamoyo na urefu wake wote.

Mwaka 1903 kikatoka kitabu Desturi za Wasuaheli. Kila mwanafunzi wa historia ya pwani anakitegemea: kuzaliwa, unyago, ndoa, ngoma, madeni, utumwa, mazishi. Maneno mengi ndani yake ni ya Mtoro. Jina lililowekwa mbele ni la Velten. Ilipofika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likaingia kwenye kichwa cha kitabu, naye alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka hamsini.

Yaliyompata katikati ni habari ndefu, na mwanahistoria Ludger Wimmelbücker ameiandikia kitabu kizima. Kwa ufupi: mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Darasani baadhi ya wanafunzi walimdharau, naye hakukubali. Hakuwa mtumishi wao, alikuwa mwalimu wao, na kwa desturi aliyokulia mwalimu huamkiwa. Mgogoro ukamwishia kwa kuondoka kwenye Seminari mwaka 1905. Akapanda meli na mkewe kurudi kwao. Utawala wa koloni ukakataa mwanamke wa Kizungu ashuke akiwa mke wa Mwafrika. Huo ndio mwaka Maji Maji ilipolipuka, na serikali iliyokuwa inachoma vijiji kusini bado ilipata nafasi ya kuhangaika na mke wa mwalimu mmoja. Wakarudishwa Ujerumani. Baadaye alifanya kazi Hamburg na Carl Meinhof, akazunguka akitoa mihadhara, akafariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakurudi kuishi tena.

Nimesoma mahali kadhaa akiitwa “msaidizi”. Cheo chake kilikuwa hicho, sawa. Lakini ukiondoa msaidizi, ni nini kinachobaki cha kusaidiwa?

Aliyenisumbua zaidi, hata hivyo, ni aliyekuja baada yake. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na katika Vita vya Kwanza alikuwa jeshini pamoja na baba yake akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yao ambayo haikuwahi kulipwa. Akaambiwa amechelewa. Akabaki. Alihudumu mezani kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland, akacheza sehemu ndogondogo kwenye filamu, na kwa miaka kama kumi akawa msaidizi wa Kiswahili chuoni, kazi ileile ya Amur na Mtoro. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Kambi hiyo iko Oranienburg. Treni ya mjini inafika, inapita katikati ya Berlin kila siku ikiwa na jina hilo limeandikwa mbele, na watu wanaipanda wakiwa na mifuko ya soko. Jiwe la kumbukumbu ya Husen, dogo, la shaba ya njano, limepachikwa njiani mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstraße. Nilikwenda Jumamosi moja. Lilikuwa chini ya theluji iliyokanyagwa na ilibidi niulize wenye duka, kwa Kijerumani, jiwe liko wapi hasa. Mzee mmoja akatoka na fagio.

Madai ya Husen ya 1929 yaliwasilishwa wizarani kwa Kijerumani, na majibu ya kukataa ni ya Kijerumani. Nimeyaweka kwenye orodha ya kusoma, baada ya kodi ya vibanda.